Zichanganye kwa Heshima

Jumatatu, 4 Machi

Albamu imekamilika. Miaka mitatu, nyimbo nane za kinanda cha umeme, hakuna neno hata moja linaloimbwa. Nimeiita Majivu. Jumamosi naipeleka kwa mhadhiri wa muziki, ambaye mwaka huu anachukua mwanafunzi mmoja tu. Asiponichukua mimi, sijui nitakuwa naamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Nimepeleka flashi studio ili fundi mitambo azichanganye sauti, zikae sawa. Hakuwepo. Nimemwachia kikaratasi: "Zichanganye kwa heshima." Mama alitaka nimwandikie kwa simu, eti mwandiko wangu humeza silabi. Nikamweleza kwamba herufi za simu hazina roho. Akasema haya, mwenye roho, chukua na mwavuli.

Nyumbani nimefuta nakala zote. Binamu, anayeishi mlango wa pili na kufundisha mazoezi ya viungo, anatafuta muziki wa kurukia. Majivu hayagusi. Hapo nimemweza.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha.

Wimbo wa kwanza, "Jeneza Tupu", sasa unaanza kwa ngoma. Wa pili una makofi. Wa tano, ule niliotunga nikiwa nimelala sakafuni kutwa nzima, unakimbia kama mtu aliyechokoza nyuki.

Nilimuuliza fundi amefanya nini. Akatoa kikaratasi changu mfukoni, kimekunjwa vizuri kama cheti, akasoma: zichangamshe kwa heshima. Akasema, dada, kuchangamsha ni kazi yangu ya kila siku, ile heshima ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikiinua kwenye mwanga. Hata mimi niliona "zichangamshe".

Na nyimbo za mwanzo? Amezifuta kwa kuhifadhi mpya juu yake, kwa majina yaleyale, ili nisije nikachanganyikiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango: kupunguza kasi kwa kompyuta mpaka huzuni irudi. Nimepunguza nusu. Inasikika kama watu wanaopandisha kabati ngazini. Mama aliuliza kutoka jikoni nani anahama.

Nikarudisha kasi kidogo, kwa majaribio tu. Binamu akatokea na ufagio wetu aliokuja kuurudisha. Akaruka, akageuka, akachuchumaa, ufagio mkononi. Akasema, Bi Msiba, kumbe una damu. Akaomba nakala. Nikamnyima. Akaondoka akipiga mluzi wa "Jeneza Tupu", bila kukosea hata sehemu moja.

Nimelia mpaka mto umebadilika rangi.

Jumamosi, 9 Machi

Mpango wa mwisho: maelezo. Niliandika kurasa nne kwa mkono, nikithibitisha kwamba midundo ile ni kilio kilichovaa raba. Mhadhiri alizigeuza juu chini, akaniuliza ni daktari gani aliyeniandikia. Kisha akawasha muziki.

Nilitazama kiatu chake. Wimbo wa kwanza, kimetulia. Wa pili, ncha ikatikisika. Wa tano alisimama, akafungua dirisha. Akasema vijana wote wanamletea mvua, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumletea jua. Akaniuliza, hii ni kazi yako, mwanangu?

Ndiyo moja ingetosha. Na isingekuwa uongo. Kila sauti ya kinanda mle ndani ni yangu. Lakini nilisimama wima nikasema furaha hiyo siijui, nisisingiziwe. Akachukua kalamu, akauliza basi ni ya nani. Nikamtajia fundi na namba yake ya simu. Tarakimu mojamoja, mara mbili, ili asikosee.

Nafasi amepewa fundi.

Jumapili, 10 Machi

Sijanawa uso. Fundi alikuja kushukuru. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, chai hakuigusa. Alisema bila mimi asingekuwa kitu, jambo ambalo ni kweli na halinisaidii. Akasema atamwomba mhadhiri atuchukue wote wawili. Nikamwambia sijafikia hatua ya kuombewa.

Akabakiwa na swali moja. Watu wanaiulizia albamu, binamu akiwa mstari wa mbele. Je, aisambaze au asiisambaze? Nikasema jambo zito kama hilo hujibiwa kwa maandishi. Mama alinisihi, mwanangu, si yupo hapo, mwambie tu kwa mdomo. Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Karatasi nzuri, wino mweusi. Neno moja tu, pasiwe na pa kukosea: "Usiisambaze."

Fundi alilisoma akiwa amesimama. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema amenielewa, dada, na kwamba hakujua nina moyo mkubwa kiasi hicho. Akatoka mbio, moja kwa moja kwa binamu.

Bila shaka amekwenda kumnyima uso kwa uso. Mama anatikisa kichwa tu. Atajijua. Hatimaye nimepata mtu anayeweza kusoma mwandiko wangu.