Mlango wa Choo na Uhuru wa Kusema

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mama Anjelina,

Leo ni miezi mitano na siku tisa tangu uondoke. Naandika kwenye daftari la Anjelina la darasa la sita. Nusu lilibaki tupu, nawe hukupenda kitu kitupwe.

Asubuhi mkutano wa kijiji. Mtendaji wetu mpya, Josephina, binti mpole kutoka mkoa wa mbali, amerudi kutoka semina. Ametangaza: marufuku kumtukana mtu kwa kabila lake, dini yake, umbo lake, au kwa marehemu wake. Atakayetamka atafyeka nyasi za zahanati asubuhi nzima. Kisa, wale wawili waliopasuana vichwa kilabuni wiki jana. Ilianza kwa neno moja.

Nikauliza, na utani je? Akauliza utani gani. Nikaeleza kwamba jirani yangu Ashiru, fundi wa mashine za kupulizia mikorosho salfa, ni Mmakua wa upande wa Chiwata na mimi ni Mmakonde, na kwamba ananitukana kila asubuhi mwaka wa thelathini sasa. Akasema utani nao ni maneno. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama tena! Kuna bwana nilimsikia redioni. Alisema serikali isishike mdomo wa mtu. Anayetaka kusema ubaya aachwe aseme, tumjue, kisha ajibiwe kwa maneno. Ukimziba anakwenda kuupika nyuma ya nyumba. Na nani atashika mizani ya kupima maneno ya watu? Nikayasema yote kama yametoka kichwani mwangu. Josephina akauliza, taratibu tu: na yule anayesemwa? Nikajibu: ajibu!

Nikakaa, nimevimba. Nikageuka kukutazama unavyokunja midomo. Mahali pako alikuwa amekaa Faidha, ananyonyesha.

Jumanne, 6 Agosti

Balaa. Kila asubuhi Ashiru akipita na baiskeli huuliza, "We Mmakonde, hujafa tu?" Nami humjibu kwamba namsubiri atangulie akanifagilie kaburi. Ndipo siku inaanza.

Leo kasema, "Habari za asubuhi, Baba Anjelina. Umeamkaje?"

Nilishikwa na baridi. Nikamwomba anitukane kidogo, hata masikio tu, hakuna anayesikia. Akasema ana mashine kumi na moja za watu, mikorosho inatoa maua, hana nafasi ya kufyeka nyasi. Akanitakia siku njema. Siku njema! Mimi!

Siku ya maziko yako hukuona, ulikuwa ndani ya sanduku. Watu wote walininong'oneza pole, pole, mpaka nikawa kama ukuta. Ashiru akashuka kaburini kabla yako, akalala chali, akasema hatoki, panapendeza kuliko kwake. Akapiga kelele kwamba yeye ndiye aliyekuroga, kwa sababu ulimnyima kisamvu. Nilicheka mpaka nikaweza kulia.

Bila yeye siku nzima hakuna anayesema nami ila redio.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata! Marufuku inasema atakayetamka. Haikusema atakayeandika!

Nitaweka ubao barabarani. Watani waandike, tusomane, tucheke. Ubao sina. Nimeng'oa mlango wa choo, nimeupaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji wa muhogo, nimeufunga kwenye mkorosho wa kando ya njia. Juu nimeandika: UBAO HURU. ANDIKA LOLOTE. HAKUNA KUFUTA.

Watu saba walisimama kutazama. Wakasema nitafuta tu, siku nikiguswa mwenyewe. Nikapandwa na hasira. Nikaapa mbele yao kwamba sitafuta hata herufi moja, na nikifuta nisizikwe karibu nawe.

Choo sasa kiko wazi. Si kitu. Tangu uondoke hakuna wa kunikuta. Naimba tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Hakuna aliyeandika. Ila yupo mmoja: MBEGU ZA MBAAZI ZIPO, ULIZA KWA SHARIFU.

Nimeona watu wanahitaji kuonyeshwa njia. Nikajitukana mwenyewe, kwa mkono wa kushoto: MARKO ANA MASIKIO KAMA UNGO NA BADO HASIKII. Nikajificha jikoni kuchungulia wanavyocheka. Akapita Naima, yule rafiki yako. Akasoma. Akaja mlangoni, akanipa pole, akasema atamwombea aliyeandika apunguziwe chuki. Nikasema asante.

Ashiru kapita bila kugeuza shingo.

Jumapili, 11 Agosti

Ushindi! Nimetoka kanisani, nakuta maandishi mapya: ASHIRU NDIYE ALIYEMROGA MAMA ANJELINA.

Nilipiga makofi peke yangu barabarani. Kuna mtu anakumbuka maziko! Au kaandika Ashiru mwenyewe, mjanja yule. Ila ukungu wa asubuhi ulikuwa umelowesha chaki, herufi zimefifia. Nikachukua chaki mpya, nikakoleza neno kwa neno, kubwa, zisomeke mpaka kwa wanaotoka Newala mjini.

Nikakaa kwenye kigoda kumngoja. Akaja. Akashuka kwenye baiskeli, akasoma. Akanitazama. Nilikuwa natabasamu meno yote. Akapanda baiskeli, akaondoka.

Leo nimempata! Kesho atarudi na tusi la kutikisa kijiji.

Jumanne, 13 Agosti

Hakurudi jana. Hakurudi leo.

Dickson amekuja, yule mwenye shamba la bondeni. Ameichukua mashine yake kwa Ashiru, ataipeleka kwa fundi wa mjini. Akaninong'oneza kwamba hata yeye alishamshuku Ashiru siku nyingi, ila hakuwa na ujasiri kama wangu. Akanishika mkono kwa nguvu. Nikamwambia ule ni utani. Akanikonyeza. Akasema kweli, kweli, tuuite utani.

Mchana mashine nyingine nne zimepita hapa vichwani mwa watu, zikitoka kwa Ashiru.

Jioni kaja Naima. Anasema bombani wanawake wamesogeza ndoo zao mbali na za Fatu, mke wa Ashiru. Fatu kachota maji, kaondoka, hakusema neno. Naima akaniuliza kwa nini nimeandika vile. Nikasema sikuandika, nimekoleza tu. Akauliza anayesoma ataijuaje tofauti.

Sikula.

Jumatano, 14 Agosti

Yule bwana wa redioni alisema ubaya ujibiwe kwa maneno. Haya, nikajibu. Chini yake nikaandika: SI KWELI. NI UTANI. ALIKUFA KWA PRESHA.

Saa nne mtu kaongeza: MARKO AMESHATISHWA.

Nikaandika: SIJATISHWA.

Adhuhuri: AMESHALISHWA DAWA.

Nikajibu. Nikajibiwa. Nikajibu pembeni, nikajibu chini, nikajibu kwenye bawaba. Ubao umejaa. Redio haikusema ubao ukijaa inakuwaje.

Nifute? Nilikwenda kukutembelea. Upande wako wa kulia pale pana nafasi, nimeipalilia mwenyewe. Nimeitazama muda mrefu. Nimerudi sijafuta.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Ashiru. Fatu aliitikia salamu vizuri mno, kama anamwitikia mkaguzi. Uani zimebaki mashine mbili, na moja ni yangu.

Nikamweleza Ashiru msimamo wangu wote: kwamba mimi natetea kila mdomo, hata wa anayemchukia, maana kesho na wake utahitaji kutetewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwa kitambaa.

Akasema, "Nilipolala kaburini nilikuwa nakutazama wewe usoni, nione kama unacheka. Huyu aliyeandika alikuwa anamtazama nani?"

Akauliza tena: nilipokuwa nakoleza zile herufi, niliuona uso wake au niliona ubao wangu? Nikasema nilikuwa nawaza jinsi tutakavyocheka. Akatikisa kichwa. Akasema Fatu anaogopa. Hapa mtu akishaitwa mchawi, wako wanaoitikia, na si kwa chaki. Huenda wakarudi Chiwata kabla korosho hazijaanguka.

Kisha akanisindikiza mpaka njiani, kwa adabu. Laiti angenipiga.

Ijumaa, 16 Agosti

Akili imenijia alfajiri. Niliapa kutofuta. Sikuapa kutorudisha mlango chooni!

Nimeufungua kutoka kwenye mkorosho, nimeubeba mgongoni, nimeupigilia mahali pake, maandishi yakitazama ndani. Hakuna herufi iliyoguswa. Kiapo kizima.

Nikangoja mashine zianze kurudi. Haikurudi hata moja. Kumbe watu walishasoma. Sasa ninayeyasoma ni mimi peke yangu, kila asubuhi, na hakuna pengine pa kutazama.

Naima anasema Fatu amefunga mizigo miwili.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano wa kijiji. Niliomba nafasi.

Nikasema: Mama Anjelina alikufa kwa presha, daktari alisema, nami nilikuwepo. Ashiru hakumroga. Aliyeandika simjui, ila aliyekoleza ni mimi, kwa mkono wangu wa kulia, nikidhani ni utani, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kutukanwa. Kama kuna wa kulaumiwa niko hapa. Pale ndipo nilipotakiwa kukaa.

Sikukaa. Nikasema hata hivyo, ndugu zangu, uhuru wa kusema ni jambo pana. Nikaingia kwa yule bwana wa redioni. Nikaingia kwenye mizani. Nikawa naeleza kwa mara ya tatu kuhusu kupika nyuma ya nyumba, ndipo Ashiru akasimama nyuma kabisa.

"Kaa chini, mla panya we!" akapiga kelele. "Mama Anjelina hakurogwa na mtu! Alijifia mwenyewe, apate pa kupumzika na mdomo wako! Na huko aliko ameziba masikio kwa udongo!"

Kabila, marehemu, vyote kwa mkupuo mmoja, mbele ya Mtendaji.

Nikacheka. Nilicheka nikashika nguzo, na machozi yakaja, yakaja, sikuyafuta. Kisha nikamjibu kwamba yeye ni Mmakua ambaye hata mashine ya salfa ikimwona inapiga chafya. Akasema heri chafya kuliko hotuba. Hapo watu wakaangua kicheko. Faidha, Naima, wazee wa mbele. Dickson alijizuia, akashindwa. Fatu alifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika.

Josephina naye aliinama kama anatafuta kalamu. Alipoinuka akasema marufuku ni marufuku, wote wawili zahanati kesho saa moja. Ila ataandika wilayani kuuliza utani unawekwa kundi gani.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumefyeka mpaka saa sita. Asubuhi nzuri kuliko zote tangu Februari. Alinitukana kuanzia geti hadi kwenye tangi la maji. Muuguzi alitoka kutuambia wagonjwa wanaomba tupaze sauti.

Dickson amerudisha mashine yake. Hakusema kitu, ameiegesha mlangoni kwa Fatu, akaenda. Zimerudi tatu kwa jumla. Fatu amefungua mzigo mmoja. Wa pili bado umefungwa.

Wakati wa kurudi nikamwambia Ashiru nimeshajua nilipokosea. Ubao ulikuwa mdogo! Nafasi ya kujibu iliisha mapema, basi. Nitapaka chokaa ukuta wangu wote unaotazama barabara, mita sita, watu waandike kwa mkaa. Hapo kila mwenye kusemwa atajibu mpaka achoke. Ashiru alisimamisha baiskeli. Akasema nikipaka hata kiganja kimoja cha chokaa atanizika mwenyewe, na atanifukia kichwa chini. Nikamwambia huo ndio uhuru ninaousema. Akaondoka akinitukana mpaka kwenye kona.

Chokaa nimeagiza. Ndoo mbili.

Ashiru amekwenda kwa mke wake. Nyumba imenyamaza. Nimesonga ugali wa watu wawili tena, mkono haujifunzi.

Unikumbuke, Mama Anjelina.