Habari za Mkunga Aliyeidai Saini

Sogeeni karibu, enyi mliosoma kwa kibatari na enyi mnaosoma kwa kidole. Zilazeni simu zenu kifudifudi kwa kitambo, maana habari niletayo ni kubwa kuliko vita vingi vilivyoandikiwa vitabu vinene. Nitawasimulia jinsi Mkunga, mama wa makamo, mwenye mikono iliyopokea watoto elfu tatu na ushei, alivyoikabidhi ripoti yake ya utafiti chuoni, siku ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Asiye na subira aondoke sasa, na mlango aurudishe.

Ijulikane kwanza kwamba Mkunga hakuwa mgeni wa uwanja ule. Miaka ishirini na tisa nyuma, katika zama ambazo mwanafunzi alikitafuta kitabu kwa miguu, alikuwa mwanafunzi, askari kijana wa vitabu, katika chuo kile kile. Kitabu cha maana kilikuwa kimoja kwa wanafunzi themanini, na ukurasa wake wa mia na nne ulikuwa umechanwa na mtu ambaye mpaka leo hajajulikana. Alipekua kadi katika droo za maktaba mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Alipanga foleni ya kitabu asubuhi akakipata alasiri. Akaandika kwa mkono, akampelekea mpiga chapa wa getini, ambaye mashine yake haikuwa na herufi ya r, ikambidi Mkunga azijaze zote kwa kalamu. Nakala ya pili hakuwa nayo, kwa kuwa karatasi ya kaboni ilikuwa adimu. Siku ya mwisho, akikimbilia zamu, akamkuta karani wa idara koridoni, akamkabidhi ripoti mkononi, wala hakuingia ofisini kutia saini katika daftari la mapokezi.

Ripoti ikapotea. Karani akanena, "Hapana saini, hapana ripoti." Kwa maneno hayo manne Mkunga akarudi nyumbani bila cheti, akazalisha wake za watu kwa miaka ishirini na tisa akiamrishwa na wenye vyeti, wengine wao hawajui hata kumfunga mtoto kitovu. Jambo hilo lilimuuma, na halikuacha kumuuma.

Sasa amerudi, na dunia imegeuka. Ubavuni pake ameketi binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili, Binti wa Vidole Vyepesi, asomaye vitabu akiwa amelala chali, na ambaye maktaba anaifahamu kama mahali penye soketi nyingi. Saa tano na dakika kumi walikikalia kiti kimoja katika chumba cha kompyuta, katikati ya jeshi la wanafunzi lililongoja saa ya mwisho kama kawaida ya majeshi ya wanafunzi wa kila zama.

"Mama, bonyeza hapo tu. Unapandisha faili, basi. Dakika moja tu."

Mkunga akaitoa miwani, akaifuta, akairudisha, akanena, "Ewe binti, uliyenitesa saa kumi na nane kabla hujakubali kuzaliwa, nijibu kwa kituo. Nikishabonyeza, kazi yangu inakwenda wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Mfumo ni chumba namba ngapi?"

"Siyo chumba, mama. Uko tu, huko huko."

"Na huko huko anaipokea nani?"

"Hakuna mtu. Inajipokea yenyewe."

Katika wodi ya Mkunga hakijawahi kutokea kitu kilichojipokea chenyewe.

Hata hivyo aliingia vitani. Adui wa kwanza alikuwa neno la siri, naye Mkunga alimkabili kwa kulitamka kwa sauti ya wodini, herufi moja moja, mpaka chumba kizima kikalijua. Adui wa pili alikuwa ukubwa wa faili. Mfumo ulikataa, ukakataa tena, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba nyuma ya kurasa zake thelathini na mbili Mkunga alikuwa ameambatisha picha za madaftari yake yote sita ya utafiti, jalada kwa jalada, asije mtu akasema hakuyaandika.

"Mama, jamani! Hizi picha hakuna aliyeziomba!"

"Hata ile saini hakuna aliyeniomba, mwanangu. Nilikuja kuombwa baadaye."

Binti akamtazama mama yake. Hadithi ile alikuwa ameisikia tangu utotoni, lakini hakuwa amewahi kuisikia mbele ya kompyuta. Akaziondoa picha taratibu, moja moja, na kila moja akamwonyesha mama yake mahali ilipohifadhiwa.

Ndipo akatokea adui wa tatu, aliye mkali kuliko wote: kile kiduara kinachozunguka. Kilizunguka mpaka tisini na nane kwa mia, kikasimama hapo. Safu nzima ya mbele ilikuwa imekwama vivyo hivyo. Wenye papara wakaanza upya, wakatupwa mwisho wa msururu, na vilio vikasikika. Saa ilikuwa tano na dakika thelathini na nane. Binti akapeleka mkono.

"Mama, nianze upya?"

"Ondoa mkono huo!" Sauti ile ilikuwa imewahi kuwanyamazisha madaktari. "Kichwa kimeshaonekana, wewe unataka kukirudisha? Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu. Kaa. Pumua. Vuta, shusha."

Binti akavuta, akashusha. Mkunga akaitazama saa iliyobanwa kifuani pake, akahesabu kimya. Wanafunzi wa jirani, bila kuagizwa, nao wakaanza kuvuta na kushusha. Ilipotimu tano na dakika arobaini na sita, kioo kikaandika: *Imepokelewa. Asante.*

"Haya, tumemaliza! Twende tukale."

"Imepokelewa na nani?"

"Mama, si imeandikwa hapo?"

"Nimeona. Hajatia saini." Akaamuru ukurasa ule uchapishwe pamoja na ripoti nzima, akavibana kwapani, akapanda ngazi, na binti akamfuata akinung'unika kama jeshi lisilolipwa.

Katika ofisi ya idara alikuwa ameketi karani yule yule, kichwa sasa cheupe, miwani imefungwa kamba, amebakiza miezi mitatu astaafu.

"Karatasi hatupokei siku hizi, mama," akasema bila kuinua uso. "Kila kitu mtandaoni."

Mkunga akasimama katikati ya chumba. "Ewe karani! Miaka ishirini na tisa iliyopita, koridoni hapo, siku ya mvua, nilikupa ripoti mkononi ukasema haikufika. Leo sikupi koridoni. Leo nimeingia ndani."

Karani akainua uso. Akavua miwani. Kalenda ukutani ilipeperushwa na feni, ikatulia.

"Ni wewe," akasema. Kisha, taratibu, "Ilifika, mama. Niliiweka dirishani nikaenda kupokea simu. Niliporudi, mvua imeingia, imeilowesha yote. Nilikuwa nimeajiriwa wiki ya tatu. Niliogopa."

Binti akaacha kunung'unika.

"Nimekuchukia miaka yote hiyo," Mkunga akasema, na safari hii hakuhutubia.

"Ulikuwa na haki."

"Nilikuwa nayo." Akaweka ripoti mezani. "Leta daftari."

Karani akafungua droo ya chini kwa ufunguo, akatoa daftari kubwa lenye jalada jekundu. Saini ya mwisho ilikuwa ya miaka kumi na moja nyuma. Hakuna aliyemwagiza alitunze, alilitunza tu. Kalamu yake ilikuwa imekauka, Mkunga akampa ya mfukoni mwake.

"Niandikeje, mama?"

Mkunga akaitazama saa ya kifuani, akatamka kama alivyotamka mara elfu tatu na ushei: "Ijumaa. Saa tano na dakika hamsini na saba. Kurasa thelathini na mbili. Imefika nzima. Mama mzima."

Karani akaandika kila neno bila kuuliza. Akatia saini, Mkunga naye akatia. Muhuri ukashuka kwa kishindo ambacho wanahistoria waaminifu watakilinganisha na cha mizinga.

Binti alikuwa ameinama juu ya daftari, simu yake mkononi, na ndani yake kazi yake mwenyewe iliyopokelewa jana na asiyejulikana. "Samahani, baba," akamwambia karani. "Na mimi naweza kuandikwa?"

Basi na ikumbukwe na vizazi vyote, vya droo na vya mtandao, kwamba saa sita ilipotimu palikuwa na foleni ya watu tisa kutoka chumba cha kompyuta mlangoni pa ofisi ile, ya kwanza kwa miaka kumi na moja, na Mkunga mwenyewe akiinyoosha. Cheti kitakuja au hakitakuja. Hilo ni la walimu. Ripoti imefika, na hakuna mtu chini ya jua atakayemwambia tena kwamba haikufika.