Bondi ya Zumaridi Lishe

Khalfani alisimama ukingoni mwa shimo la msingi, Mtaa wa Mchikichi, akakojoa ndani yake, kwa kuwa choo cha kulipia kilimzidi uwezo. Tajiri aliyetaka kujenga ghorofa pale aliishia kuchimba. Mvua ikajaza shimo maji ya magotini, na juu ya maji kukatanda zulia la kijani.

Alipomaliza haja yake aliinama akachota kiganja kimoja. Kumbe si ukoga. Ni vijani vidogo kuliko punje ya dengu, kila kimoja kikielea peke yake na uzi mmoja wa mzizi chini. Hakuna shina wala tawi.

Mtu mwingine angenawa mkono na kuondoka. Khalfani alifungua simu. Akasoma kwamba hayo ni majani ya bata, kwamba yana protini ya kushindana na soya, kwamba kuku na perege huyagombania, kwamba majani yenyewe hunenepa kwa kula uchafu ulio majini, na kwamba kila jani huchipua mtoto ubavuni, hata yakaongezeka mara mbili kwa siku mbili tatu. Khalfani akacheka. Alikuwa ameishi kwa uongo tangu ujana, lakini uongo uliopangwa vizuri namna ile hakuwahi kuuona.

Alijaza ndoo, akaenda moja kwa moja kwa Mama Theopista, Mchaga wa Rombo, muuzaji wa jumla wa pumba na mashudu. Nyuma ya duka lake, chini ya turubai, kulikuwa na bajaji mpya ambayo Khalfani alikuwa akiiota usingizini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza, sinunui. Kama unanunua, pita."

"Siuzi, mama. Nimekuja kukuaga."

"Kwani nakujua?"

"Hunijui, ndiyo maana inauma. Mzigo huu ukienda kwa jirani yako, utafunga duka na bado hutanijua." Akafunua ndoo. "Zumaridi Lishe. Imetoka ng'ambo. Kuku akila hii, anataga huku anaimba."

Mama Theopista alichota kiganja akawatupia matetea wake wa uani. Matetea wakapigana. Khalfani alishtuka, maana alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kwa nini kuku hawali siku ya kwanza.

Sasa, muuzaji wa jumla wa Kariakoo akipenda kitu, hanunui, anahodhi. Furaha yake si kuwa nacho. Furaha yake ni jirani akikose.

"Nautaka wote," alisema. "Uniletee mpaka jani la mwisho, mjini pasibaki hata harufu. Ukimaliza, bajaji ile ni yako. Ila weka bondi, kitu cha thamani nikishike hadi umalize. Mjini hapa watu wana mbio."

Khalfani hakuwa na kitu cha kuweka bondi. Mkewe alikuwa nacho. Sitara alikuwa Masasi kwenye arobaini ya shangazi yake, na cherehani yake, iliyokuwa ikilisha nyumba nzima, Khalfani akiwemo, ilikuwa imebaki peke yake mezani. Khalfani alipiga hesabu ya kijanja: shimo ni moja, chekeche lipo. Sitara akirudi atakuta cherehani mahali pake na bajaji mlangoni. Akaibeba cherehani hadi dukani.

Alichekecha kutwa, akipeleka ndoo baada ya ndoo, hadi maji yakabaki meusi matupu. Mama Theopista alikuwa na mzigo wa kupokea bandarini, akasema atakuja kukagua mwisho wa wiki. Khalfani akakubali kwa madaha. Atakagua nini, maji?

Mwisho wa wiki walikuta shimo limegeuka kijani nusu nzima.

"Ulisema imetoka ng'ambo," alisema Mama Theopista.

"Imepitia hapa."

"Na hii?"

Khalfani alitazama shimo kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. "Si yale, mama. Haya yamezaliwa."

"Basi hujamaliza."

Akaingia tena. Akatoa, yakarudi. Aliacha vijani vichache kwenye nyufa, vikazaa. Viling'ang'ania miguu yake akitoka, vikarudi naye asubuhi. Alipotaja kumwaga chumvi, Mama Theopista alimtazama juu ya miwani. "Ukiua mzigo wangu, cherehani naiuza." Uani matetea walinawiri, na wafugaji wakapanga foleni dukani. Ndipo Khalfani alipoelewa balaa lililompata: kila alichodanganya kilikuwa kweli.

Sitara alirudi, akakuta meza tupu. Majirani walimwelekeza Mtaa wa Mchikichi, kwenye shimo, na duka la pumba ng'ambo ya barabara, cherehani ilikopelekwa. Alimkuta mumewe amezama hadi magotini, kijani mpaka masikioni.

"Mke wangu, nipo kwenye mradi."

Sitara alimpa kisogo. Alivuka barabara hadi dukani.

"Shikamoo, mama. Nimefuata cherehani yangu."

"Marahaba, mwanangu. Ipo bondi."

"Bondi ya nini?"

"Kwamba yule bwana hatakimbia."

Sitara aligeuka akamtazama yule bwana. Alikuwa akikimbiza jani moja kwa chekeche, nalo linamkwepa.

"Mama, cherehani inaingiza. Kuishikilia ni hasara kwa watu wote. Yule haingizi kitu tangu tuoane. Mshikilie yeye."

Mama Theopista akafikiri kibiashara, akatabasamu mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze. "Chakula cha mchana nitampa."

"Usimzoeshe nyama."

Cherehani ilipakiwa kwenye bajaji ile ile, turubai likatupwa pembeni, na Mama Theopista mwenyewe akashika usukani kumrudisha Sitara nyumbani. Walipopita shimoni, Sitara alipunga mkono.

"Nitatoka lini?" aliuliza Khalfani.

"Ukimaliza," walijibu wote wawili.

Akageukia maji. Yalikuwa meusi, safi, matupu, isipokuwa jani moja katikati. Alilisogelea polepole, chekeche mkononi, pumzi ameibana. Ubavuni mwa jani lilikuwa limeanza kuchipua la pili.