Matikiti Yasiyo na Mdudu

Jumatatu, 3 Machi

Matikiti yanachanua. Bwana shamba anatafuta shamba la mfano, wakulima waje kujifunza kilimo cha kisasa. Lazima liwe langu! Si la shemeji, kaka wa mke wangu, anayefuga nyuki kando ya shamba lake na bado anapalilia kwa jembe. Nimenunua dawa ya wadudu. Maelezo yanasema kifuniko kimoja cha dawa kwa bomba moja la kupulizia. Nimeweka vitatu. Mavuno hayaongezwi na waoga.

Alhamisi, 6 Machi

Mafanikio. Hakuna mdudu hata wa dawa. Panzi hakuna, sisimizi hakuna, vyura wa mferejini kimya. Nikamwita mke wangu aone. Akasimama katikati ya matuta, akasema anasikia moyo wake mwenyewe ukidunda, akarudi nyumbani mbio mbio. Wivu wa kwao huo. Mbwa naye kagoma kuvuka mfereji. Anakaa ng'ambo, ananitazama kama hanijui.

Jumanne, 11 Machi

Maua yamefunguka yote, njano tupu, kama macho. Kisha yanadondoka. Sikujua kwamba ua likianguka hutoa sauti. Hutoa. Nimeyasikiliza asubuhi nzima.

Bwana shamba alipita. Akavua kofia, akatega sikio.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi hilo ndilo tatizo lako."

Akanieleza kwamba bila nyuki tikiti halishiki tunda. Atakuja kukagua Jumamosi. Nikamhakikishia kwamba nyuki wapo, wametoka kidogo tu. Mke wangu akaniuliza, kwa upole unaotisha, tutakula nini msimu huu.

Jumamosi, 15 Machi

Mpango kabambe. Jana nilijibanza nyuma ya mizinga ya shemeji, nikarekodi nyuki kwa simu. Wakaniuma shavuni mara mbili. Leo nikaficha spika chini ya majani, nikaifungulia.

Shamba zima likavuma. Jani halitikisiki, hewani hakuna kitu, na mvumo unazunguka miguuni. Hata mimi nywele zilinisimama. Bwana shamba akawatafuta nyuki kwa macho, kushoto, kulia. Kisha, ndani ya mvumo, mtu akaanza kulia kwa mbali, akimwita mama yake.

"Nani huyo?"

Nikamwambia hakuna mtu. Ningesemaje kuwa ni mimi, baada ya kuumwa? Rangi ikambadilika. Akaondoka kinyumenyume hadi barabarani. Pikipiki yake ameiacha hapa.

Jumanne, 18 Machi

Kachaguliwa shemeji. Nilitegemea kebehi. Badala yake amekuja na mzinga mmoja begani, akautua kivulini, akanisihi nisipulize chochote mpaka tuvune. Akasema dada yake hawezi kulala njaa na yeye yupo. Mke wangu akageuka kando, akafuta macho.

Kufikia adhuhuri nyuki walikuwa kwenye maua. Shamba lilikuwa na sauti tena, sauti ya kweli. Mbwa akavuka mfereji. Nusura nilie.

Saa tisa nikaona sisimizi wanaupanda mzinga. Wawasumbue nyuki wangu? Nikachukua bomba. Vifuniko vinne, maana sisimizi ni wabishi. Nimewalenga wao tu, kwa uangalifu mkubwa.

Saa kumi na moja nimekwenda kuwasalimia nyuki. Nimeweka sikio kwenye mzinga.

Wametulia vizuri sana. Nadhani wanapumzika.