Mshenga wa Jengo la Vioo

Jumatatu, 3 Machi

Mji huu umepata wazimu wa maendeleo. Palipokuwa na karakana ya useremala sasa pana kibao: Kituo cha Ubunifu wa Kidijitali. Seremala mwenyewe bado yumo ndani, anawachongea meza hao wabunifu. Fundi viatu wa kona naye kaandika juu ya sanduku lake: Masuluhisho ya Kiteknolojia ya Miguu. Nimemuuliza maana yake. Kasema hata yeye haijui, ila wateja wameongezeka.

Kila asubuhi vijana wanapita mlangoni kwangu na mabegi mgongoni, kama kobe, wakienda Jengo la Vioo. Humo, wanasema, kazi zinaota kama uyoga. Mimi nilikuwa fundi wa taipureta. Yangu haikuota, ilinyauka. Jirani yangu Stempu alikuwa karani wa posta. Tunakaa barazani kubishana kazi ya nani ilikufa kwanza. Yeye anadai posta bado inapumua. Namwambia huo ni mkoromo wa mwisho.

Leo kaniudhi. Mjukuu wake anafanya kazi ghorofa ya nne ya jengo hilo, na Stempu hawezi kusema "habari za asubuhi" bila kuipitisha ghorofa ya nne. Nikamwambia hata mbebaji viti hufika ghorofa ya nne. Kanuna. Raha!

Ila moyoni sina raha. Bibie, mjukuu wangu, kahitimu. Anaandika programu za kompyuta. Mama yake, mwanangu wa pekee, aliniachia mtoto hajaota hata jino, akaenda kule kusikorudi mtu. Nimemlea kwa uji na matusi madogo madogo. Sasa kampuni mbili zinamtaka. Moja iko mji wa mbali, wa kupanda ndege. Hiyo imekwisha kumkubali, inangoja jibu lake mpaka mwisho wa wiki ijayo. Nyingine iko hapa hapa, Jengo la Vioo. Hiyo bado inampima pima. Kaniambia wazi: "Babu, wa hapa wakinichukua, siendi kokote."

Wasipomchukua, anaondoka. Basi. Nimebakiwa na kazi moja duniani.

Jumatano, 5 Machi

Bibie anajiandaa kwa usaili wa kesho kutwa. Mimi nikawa bosi. Nilikaa kwenye kiti, nikakunja nne, nikakohoa kama mtu mwenye gari. Nikamuuliza swali aliloniandikia: udhaifu wako ni upi? Eti akaanza kuutaja! Kwamba akizama kwenye kazi husahau kula, na kwamba hapendi kuomba msaada. Nikamkatiza. Nikamwambia sijaona muuza mbuzi anayetangaza sokoni kwamba huyu anachechemea. Kacheka mpaka kajifuta macho. Kasema siku hizi mabosi wanapenda ukweli.

Masikini. Wamesoma mno watoto hawa, hawajui kitu. Kazi ni posa! Kuna kuchunguzana ukoo, kuna kuringa, kuna kujifanya hutaki. Na posa haiendi bila mshenga. Kweli, mshenga hutoka upande wa mwanamume. Lakini kampuni hii ni bwana harusi mzembe, lazima asukumwe kidogo mgongoni.

Nimepiga pasi koti langu. Bibie hajui.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Mlangoni wana fremu ya chuma, ukipita na kitu inapiga kelele. Ikapiga. Ilikuwa bisibisi yangu ya taipureta, imo kwenye koti tangu enzi hizo. Mlinzi kaitazama kama kisu. Kaniwekea mezani kwake.

Ndani kuna baridi ya maiti. Vijana wamelala juu ya magunia laini, kompyuta tumboni, na hiyo ndiyo kazi. Binti wa mapokezi kaniuliza anisaidie nini. Mshenga mwenye adabu hatamki jambo siku ya kwanza. Nikamuuliza afya yake. Nikamuuliza wazazi hawajambo. Nikazungumzia mvua. Kaniletea maji. Kaniuliza tena anisaidie nini. Nikasema hapana, mwanangu, nimekuja tu kuwajulia hali. Nikakaa mpaka walipoanza kwenda kula, nikaaga.

Stempu kauliza nimepata nini huko. Nikamwambia kwa fahari: wamenipa maji. Kasema hata mbwa wa watu hupewa maji. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Machi

Bibie kafanya usaili asubuhi. Karudi anang'aa. Kasema walimwuliza mambo, akayajibu, wakamwuliza zaidi, naye akawauliza wao. Kwangu mimi hiyo ni dalili mbaya. Bibi harusi haulizi.

Mchana nikarudi mwenyewe. Safari hii kashuka mkubwa wa mambo ya ajira, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, nimempa jina Mama Ajira. Sasa nikalifungua jambo, kwa mzunguko. Kwamba ukoo wetu hauna kifafa. Kwamba msichana huyu anaamka kabla ya jogoo, na hajawahi kuniitikia "nini" nikimwita. Mama Ajira kanisikiliza vizuri, kisha kasema kwa upole kwamba hawazungumzii waombaji kazi na ndugu zao. Ni utaratibu. Na kwamba tafadhali, mzee wangu, nisirudi tena kwa jambo hili, nisije nikamharibia mtoto.

Kunikatalia! Nilifurahi sana. Nyumba inayosema "ndiyo" siku ya kwanza, ujue binti ana kasoro. Huyu anataka kubembelezwa. Kanisindikiza mwenyewe hadi mlangoni, kamnong'oneza mlinzi jambo, na mlinzi kanitazama uso kwa makini ili asinisahau. Heshima inakua.

Jumapili, 9 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Kampuni imemwambia Bibie ataje watu wawili walioiona kazi yake, wapigiwe simu. Wa kwanza mwalimu wake wa chuo. Wa pili yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye Bibie, anayemwita Meneja, alimtengenezea programu ya kuhesabia mabati na misumari. Lakini huyu kabadilisha namba. Bibie kanituma nikaiulize, maana dukani ni njia yangu ya msikitini.

Nikafika mpaka mlango wa duka. Nikasimama. Wazo likanijia, tamu, lenyewe, bila kubisha hodi. Huyu mwenye duka anajua nini kuhusu posa? Ataulizwa binti huyu yukoje, atasema "anafaa", atarudi kwenye misumari yake. Nikageuka.

Ninayo simu yangu ya pili, ile ndogo ya kusikilizia redio. Nikampa Bibie namba ya simu hiyo. Kauliza: "Ndiyo hii, babu?" Nikasema ndiyo hiyo. Sikudanganya. Ilikuwa ni namba, na ndiyo ilikuwa hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Wamepiga! Nilikuwa nafua. Nikakausha mkono kwenye suruali, nikaweka sauti tumboni, nikasema haloo kama mtu mwenye mabati. Aliyepiga ni kijana, si Mama Ajira. Afadhali.

Kauliza kazi yake ilikuwaje. Nikasema tangu atie mkono wake, hakuna msumari unaopotea dukani kwangu bila kuaga. Kacheka. Kauliza anaelewana na wenzake? Nikasema anaelewana hata na babu yake, na yule mzee, ndugu yangu, humwezi. Kacheka tena. Nikaona sasa chuma kimepata moto.

Ndipo nikapiga pigo la mshenga. Kila mwenye binti analijua. Bwana harusi akizubaa, unamwambia yupo mwingine. Nikashusha pumzi, nikasema: "Lakini kijana wangu, mmechelewa. Kuna kampuni ya mbali imekwisha kumposa, na karibu wanamchukua. Mambo yamekwisha yale. Nyinyi lalani tu."

Kisha kasema: "Aa. Amekwisha kukubali huko?" Nikasema kwa jinsi ninavyoona, keshafunga begi. Kashukuru sana, tena kwa heshima. Kakata.

Watakuja mbio, na viatu mkononi! Nimemaliza kufua huku naimba.

Alhamisi, 13 Machi

Bibie kapata ujumbe wao leo. Nilimwona anausoma jikoni, amesimama. Kausoma tena. Kisha kanisomea mimi. Kwamba walimpenda sana. Kwamba wamefurahi kusikia amepata nafasi kwingine, na wanamtakia kila la heri huko aendako. Nafasi wamempa anayefuata.

Kasema: "Babu, mimi sikumwambia mtu pale habari za kampuni nyingine."

Nikasema dunia ina midomo.

Kachukua mtandio, katoka. Nilijua anakokwenda. Nikabaki namenya viazi, nikamenya hata visivyohitajika. Karudi taratibu. Mwenye duka kamwapia kwamba hakuna aliyempigia simu, na kwamba hakuna mzee yeyote aliyekuja kumwuliza namba.

Kakaa kiti cha mkabala na mimi. Kalaza simu yake mezani, kagusa ile namba niliyompa, kangoja. Mfukoni mwangu kukaanza kulia.

Ningeweza kuizima. Sijui kwa nini niliipokea. Nikaiweka sikioni, naye yupo palepale, magoti yetu karibu yanagusana.

Kasema, macho kwangu: "Haloo, Meneja."

Nikasema haloo. Ile sauti ya mabati ikatoka yenyewe.

"Samahani kukusumbua, Meneja. Nilitaka kuuliza tu. Kwa nini ulisema naondoka?"

Nikamwambia ilikuwa njia ya kuwaharakisha. Kwamba mali ikigombewa hupanda thamani. Kwamba wao hawajui kuposa. Akaniacha niseme yote.

Kisha kauliza: "Na babu yangu unamjua, Meneja? Alitaka nibaki?"

Nikasema namjua kidogo. Nikasema yule mzee hataki kitu kingine duniani. Hapo sauti ya mabati ikanikatikia, ikabaki yangu.

Kakata simu. Kainuka kavimenya viazi vilivyobaki, na vilikuwa vimekwisha menywa.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi kaenda kuwaeleza. Mama Ajira kamkalisha, kamsikiliza mpaka mwisho. Kasema anasikitika, yule waliyempa nafasi keshasaini. Tena kasema shahidi wa kubuni ni jambo zito katika kazi yao. Hakuendelea, kampa maji.

Mchana Bibie kawajibu wale wa mbali. Kasema ndiyo.

Stempu kaja barazani. Nilijua kaja kufurahi, nikajikaza. Kumbe hapana. Kanieleza polepole aliyoambiwa na mjukuu wake wa ghorofa ya nne: Bibie walikuwa wamekwisha kumchagua tangu siku ya usaili. Simu ile ilikuwa ya kutimiza utaratibu tu. Yeyote angesema "anafaa", ingetosha.

Nikamwambia mjukuu wako mwongo, tena mbeba viti.

Hakubisha. Siku Stempu asipobisha, ujue jambo limekufa kweli. Kakaa nami mpaka kivuli cha Jengo la Vioo kikafika miguuni petu. Zamani jua lilikuwa letu mpaka lizame.

Jumatano, 19 Machi

Kaondoka. Uwanja wa ndege nao wameujenga upya, vioo vitupu, unamwona mtu anakwenda na kwenda na humfikii. Nilijiandaa kusema maneno ya kizee yenye uzito. Nikasema ale. Kasema atakula. Nikasema akizama kwenye kazi asisahau. Kasema, "Hilo ni udhaifu wangu, babu, tusilitangaze." Kanikumbatia, nywele zake zikaniingia puani, nikapiga chafya kwenye bega lake. Ndiyo kuagana kwetu kulivyokuwa.

Hajanigombeza hata mara moja. Ningepata nafuu.

Nyumbani nimepika. Nimepakua. Nimetazama sahani. Nimemwita Stempu aje ale ya pili. Kasema chumvi imezidi, kamaliza yote.

Jumapili, 23 Machi

Bibie kapiga simu. Sauti yake inafika kama yuko chooni. Kazi ni nzuri. Wana dirisha linaloangalia mto. Wenzake wanamwita jina lake vibaya lakini kwa upendo. Kauliza habari yangu, nikasema mzima. Kasema: "Kweli babu? Maana ukiumwa mimi nakuja siku hiyo hiyo, wamesema kazi hii naweza kuifanyia hata nyumbani."

Nikamwambia arudie.

Karudia. Kazi hii anaweza kuifanyia hata nyumbani.

Sikulala mchana baada ya hapo, nilikaa nafikiri kama mwenye mabati. Kwanza nimewaza malaria. Hapana, vidonge vitatu umepona. Moyo? Utamtia mtoto hofu bure, mimi si mkatili. Mguu una aibu, hakuna aliyepandiwa ndege kwa sababu ya mguu. Nimemshirikisha Stempu. Mwanzo kakataa, kasema mzee, wewe huna soni, wiki haijaisha. Nikamweleza kwamba lile la simu lilikosea kwa sababu nililifanya peke yangu, sikuwa na msaidizi. Kafikiri. Kasema hilo ni kweli.

Yeye atakuwa daktari. Ana sauti nzuri, ya kuwaambia watu kifurushi chao hakijafika.

Basi kesho asubuhi naanza kuumwa. Figo. Stempu amekwenda kuuliza iko upande gani.