Mtaalamu wa Samaki wa Uani

Elimu yake ya ufugaji wa samaki Sabiti aliipata mwaka 1983, katika mgahawa mmoja wa Shinyanga, kwenye karatasi iliyofungiwa karanga. Alipozimaliza karanga ndipo alipoona picha: tangi la samaki, juu yake makasha yamejaa kokoto, na ndani ya kokoto, bila chembe ya udongo, mboga zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Mishale ilionyesha maji yakipanda kutoka kwa samaki kwenda kwenye mboga, kisha yakirudi. Maelezo yalikuwa ya lugha ya kigeni na nusu yake ilikuwa imechanika, lakini Sabiti hakuwa mtu wa kuzuiwa na maelezo. Aliwahi kuuza dawa ya kunguni ambayo kunguni waliinenepea. Huko Geita aliwahi kuwauzia wachimbaji wawili shimo moja, kila mmoja kwa siri.

Kwenye meza ya jirani, Mzee Jilala, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye tumbo la kuheshimika, alikuwa akigombana na sahani yake.

"Huyu sato ametoka ziwani Nkome lini?"

"Jana, mzee," alijibu mwenye mgahawa.

"Jana ya mwaka gani?"

Sabiti alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akahamia meza ile na chai yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huyu samaki angekuwa anaogelea uani kwako asubuhi hii, ungemla saa ngapi?"

"Kabla hata ya uji," alisema Jilala, akameza mate.

Sabiti akaanza. Samaki anajisaidia majini, alieleza kwa sauti ya mtu aliyesomea mbali. Uchafu ule kwa mboga ni mbolea. Mboga inakula, maji yanachujwa na kokoto, yanamrudia samaki yakiwa safi. Kiangazi kikikaza, majirani wanatafuna majani ya kunde makavu, wewe unachuma mchicha na kuvua sato hatua kumi kutoka kitandani.

"Na majirani nao wakijenga?"

"Watajengaje, mzee? Anayejua ni mimi peke yangu. Na mimi naweza kunyamaza."

Hapo ndipo Jilala aliponasa. Sato mtamu ni jambo jema, lakini sato mtamu ambaye jirani hana ni jambo jema zaidi. Alijiona tayari akiwauzia mji mzima, Nkome ndogo imehamia uani kwake.

Vifaa vilikuwa vichache: mapipa, pampu ya mkono, nyasi, mawe, na mifuko kumi na miwili ya saruji. Mwaka ule saruji ilikuwa haionekani, na walanguzi walikuwa wakisakwa mpaka chini ya vitanda. Lakini Jilala alijua mlango wa kubisha, akapata kibali. Tangi lenyewe lilihitaji mifuko minne. Ile minane iliyobaki ilikuwa ndiyo hasa utaalamu wa Sabiti. Marcel, mjenzi wa Runzewe, alishakubali kuja na lori Jumamosi kuichukua, na Sabiti angeondoka naye.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa mke wa Jilala, Mbuke, ambaye mtaani walimwita Mama Bujiku. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa maswali.

"Wangaluka, mtaalamu," alimwamkia Sabiti siku ya kwanza ya ujenzi. "Jua la hapa linachemsha maji ndooni. Samaki si wataiva kabla hatujawavua?"

"Ndiyo maana tunaezeka nyasi juu, mama," alisema Sabiti, ambaye jambo hilo lilikuwa halijamjia mpaka mama alipofungua kinywa.

"Na tangi likikaa lote juu ya ardhi?"

"Nusu tunalifukia. Lipate ubaridi."

"Na maji yatarudije tangini?"

Sabiti alitazama mapipa, akatazama tangi. "Mapipa tunayapasua katikati, tunayainua juu ya mawe, tunayatoboa matundu. Maji yanashuka yenyewe."

"Kumbe unajua," alisema Mbuke, akaenda zake. Sabiti alifuta jasho. Hakuwahi kufanyiwa mtihani mgumu hivyo, na kilichomshangaza zaidi ni kwamba alikuwa amefaulu.

Saa za mchana, watu walipojilaza kukwepa jua, alihamisha saruji. Alisukuma mkokoteni wenye matita ya nyasi za kuezekea na mfuko mmojammoja chini yake, mpaka nyumba aliyopanga, kwa Bi Kijakazi. Huyu alikuwa mjane mwenye Kiswahili cha Ujiji na ulimi wa sukari, akiuza kokoto zilizoletwa na malori yatokayo Bulyanhulu, kwenye machimbo ya dhahabu. Alimpa Sabiti stoo ya uani bila kuuliza inawekwa nini.

Alhamisi asubuhi Sabiti alimwomba madebe machache ya kokoto kwa ajili ya mapipa.

"Chota, mwanangu. Ila zioshe kwanza, ni chafu hizo." Bi Kijakazi alitia konzi mbili kwenye karai, akamwaga maji, akasukasuka. Chini ya karai kulibaki mstari mwembamba wa njano, unaometameta.

Sabiti aliinama mpaka pua ikakaribia maji.

"Unaona?" alisema Bi Kijakazi, akakimwaga kile kitu nje kama maji ya vyombo. "Vimeremeti hivi vimenichosha. Mteja kalikataa lori zima, eti kokoto zina uchafu. Wachimbaji wa kule hawana adabu, wanatuuzia makombo yao."

"Pole sana, Bi mkubwa." Sabiti alilivuta karai upande wake. "Mimi nitakuondolea mzigo. Zote. Samaki hawachagui."

"Lori zima! Utanipa nini, mwanangu? Mimi shida yangu ni saruji, ukuta wangu umesimama nusu miaka miwili."

"Mifuko mitatu ninayo."

Bi Kijakazi alifikiri. "Basi ngoja kesho. Kuna bwana mwingine anatoka hukohuko Bulyanhulu kuja kuziangalia. Juzi alikuja na kamizani kadogo, sijui anapima nini."

"Minane!" alisema Sabiti. "Minane, sasa hivi, na stoo ni yako, funguo hizi hapa!"

"Minane? Kwa takataka hizi? Mwanangu, unanitia dhambini."

"Mungu anaona moyo wangu," alisema Sabiti, na Mungu bila shaka alikuwa anauona.

Mahali pekee penye maji ya kutosha kuoshea lori la kokoto palikuwa kisimani kwa Mzee Jilala. Kwa hiyo Sabiti alitangaza kwamba utaalamu unadai kokoto zioshwe, tena zioshwe hasa, na kokoto zote zikamwagwa uani. Akatandika magunia, akainama. Aliosha Alhamisi mpaka jua lilipozama. Ijumaa aliamkia karai. Mgongo ulikakamaa, vidole vikakunjamana kama vya dobi, na kila alipomaliza karai moja alikikwangua kile cha njano na kukifunga kwenye leso kwa upole wa mama anayemfunika mtoto.

Mzee Jilala alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, machozi yakimlengalenga.

"Mama Bujiku, njoo uone. Nimeajiri watu thelathini maishani mwangu. Sijawahi kuona mtu anaosha jiwe moja moja!"

"Nimemwona," alisema Mbuke. "Mpeni togwa."

Ijumaa alasiri Sabiti alikimbia na leso yake mpaka kwa Pantaleo, sonara wa karibu na soko. Pantaleo alikitazama kile kitu, akadondoshea tone la dawa yake. Kikatokota, kikageuka kijani.

"Shaba," alisema.

"Shaba gani?"

"Ya vitasa. Mtu amekaa na tupa akasugua vitasa, tena kwa uvumilivu. Umeipata wapi?"

Sabiti alikuwa ameshafika barabarani. Alipoingia kwa Bi Kijakazi alikuta mlango wa stoo wazi na ndani hamna kitu ila vumbi la kijivu.

"Saruji iko wapi?"

"Mifuko sita imerudi ilikotoka. Miwili nimebaki nayo, ujira wa kusugua vitasa." Alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. "Mimi na Mama Bujiku tunacheza upatu pamoja miaka tisa. Ulidhani mwanamke anayejua idadi ya kwato katika zizi la mumewe hatajua idadi ya mifuko?"

"Umeniibia!"

"Basi twende tukashtaki," alisema Bi Kijakazi, akaweka ungo chini na kutafuta viatu vyake. "Uwaeleze saruji ya kibali ilifikaje stoo yako. Mwaka huu wanapenda sana hadithi kama hizo."

Sabiti alifungasha nguo zake. Marcel angefika kesho yake na lori tupu, na Marcel alikuwa na mikono mipana. Lakini alipotoka mlangoni alimkuta Mbuke amesimama kando ya mkokoteni.

"Safari, mtaalamu? Na samaki wanafika kesho?"

"Mama, mimi..."

"Mume wangu hajui lolote. Anakusifu mpaka usingizini. Nimwache na furaha yake, au nimwambie? Huyo wa Runzewe, uliyemwambia Bi Kijakazi kuwa atakuja na lori, mwachie mimi, nitamjibu mwenyewe getini."

Sabiti aliushusha mzigo wake chini.

Ndivyo alivyobaki. Vifaranga vya sato viliwasili kwenye mapipa yenye maji, vikiwa vimetikiswa njia nzima kutoka Nkome, na vingi vilikuwa hai. Mbuke alimkabidhi mpini wa pampu. Akapampu alfajiri, akapampu mchana, akapampu jioni. Wiki ya kwanza wakafa samaki watano naye akanuna. Wiki ya tatu mchicha ukageuka manjano naye akakosa usingizi. Aliitoa ile karatasi ya karanga, akaisoma mishale kama mtu anayesoma barua ya posa, akapunguza chakula cha samaki, akaongeza pampu. Asubuhi moja alikuta majani yamekoza kijani, mapana kama kiganja. Aliangalia huku na huku asionwe, akayashika. Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni tapeli, akakohoa.

Mwezi wa saba Jilala alishindwa kutunza siri. Alialika wageni waje kushinda kutwa nzima, akiwemo bwana mmoja mkubwa wa kilimo aliyevaa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Walivuliwa sato wa ukubwa wa ndala, wakakaangwa, mchicha ukaungwa kwa karanga, watu wakala mpaka wakafungua mikanda. Jilala akamsimamisha Sabiti aeleze.

Sabiti alisimama. Akaeleza jinsi uchafu wa samaki unavyogeuka chakula cha mboga ndani ya kokoto, na kwa nini maji mapya lazima yakae siku kadhaa kabla ya kutia samaki. Akaeleza nyasi za juu, tangi lililofukiwa, samaki waliokufa na kosa lake mwenyewe lililowaua. Alieleza karibu saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakutia uongo hata mmoja.

Alipomaliza, wote walimgeukia mgeni mkubwa. Bwana wa kilimo alijifuta mdomo.

"Mboga bila udongo," alisema polepole. "Zinalishwa na kinyesi cha samaki. Shinyanga. Kiangazi." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ni tapeli. Hawa samaki wamemwagwa humu leo asubuhi."

"Na mchicha umechomekwa," alisema mwingine, na wageni wote wakaangua kicheko.

Sabiti aliruka mpaka kwenye pipa, akang'oa shina la mchicha na mizizi yake mirefu myeupe, akalinyanyua mbele ya nyuso zao. "Tazameni! Hii mizizi inachomekwa? Kaeni hapa mwezi mzima mkitaka! Pampuni wenyewe!"

Walizidi kucheka. Bi Kijakazi alijifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. Mbuke peke yake hakucheka. Alimsogezea Sabiti kigoda. Sabiti alikaa, shina la mchicha mapajani, macho yamemwiva, akihisi kitu ambacho katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukihisi: alikuwa ameonewa.