Mwendo Wangu Mliompa Bata

Kwa Mkuu wa Wachora Katuni,
Jengo la ghorofa lenye ngazi nyembamba.

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini kile kiti chenu chenye umbo la kiganja bado kina vidole vyote, maana ni mimi niliyekipandisha.

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi. Kalamu nimebeba nyingi sana maishani, lakini kwa katoni. Hii moja ndiyo inayonishinda uzito. Na kwa kuwa sijui malalamiko huandikwaje, nimeyapanga kwa namba, kama tunavyopanga vyombo kwenye lori: vya kawaida mbele, vya kuvunjika mwisho.

1. Nalalamika kwamba mmechukua mwendo wangu bila kuniambia.

Utakumbuka kwamba mlipohamia jengo jipya, kampuni yetu ndiyo iliyobeba vyombo vyenu. Mimi ndiye yule mpana wa kiuno, mwembamba wa miguu, niliyekuwa na kabati. Sasa mtu aliyebeba kabati kwa mbele haoni miguu yake. Kwa hiyo akipanda ngazi hugonga kwa vidole, kwa-kwa, asikie kama kuna pa kukanyaga, ndipo akanyage. Mgongo huupinda, makalio huyasukuma nyuma yasawazishe mzigo, na shingo huitoa pembeni kama mtu anayechungulia kwa jirani. Si mwendo wa harusini. Ni mwendo wa kufika.

Vijana wenu walikuwa wamekaa kwenye ngazi na madaftari yao, wengine na simu, wakinitazama. Na siku hiyohiyo tulikuwa tumesikia fununu kwamba msimamizi wetu anahamishwa, na kwamba wakubwa wangetuma watu kuchagua mwingine kimyakimya. Mimi nikaona vijana wanatazama, wanaandika, wanatazama, wanaandika. Nikajua, ndio hao. Basi nikaongeza. Kifua nikakitoa, makalio nikayatoa zaidi, magoti nikayapandisha mpaka usawa wa tumbo, na vidole nikavigonga kwa sauti ya juu ili waandike kwamba huyu ni mtu wa tahadhari. Nilipofika juu nikaona hawajamaliza kuandika, nikalishusha kabati tena mpaka chini na kulipandisha upya, lilelile, ambalo lilikuwa limeshafika.

Msimamizi aliyechaguliwa ni dereva wetu, ambaye tunamwita Honi kwa sababu hanyamazi. Mimi nikachaguliwa kuwa bata.

2. Nalalamika kuhusu huyo bata.

Jumamosi alasiri tulikuwa tumeketi chumbani tunamolala, wabebaji wote, tunakunywa chai na runinga inajisemea yenyewe. Ikaanza katuni. Akatokea bata amebeba kabati anapanda ngazi. Akagonga, kwa-kwa, akakanyaga. Shingo pembeni. Makalio nyuma. Kisha wote, kwa pamoja, wakageuka kunitazama mimi. Honi akaweka kikombe chini polepole, akasema, "Jamani, huyu mwenzetu amepata kazi ya pili na hajatuambia."

Ndugu Mkuu, sikatai kuchorwa. Lakini kwa nini bata? Wanyama wamejaa duniani. Tembo hubeba. Ng'ombe hubeba. Punda hubeba, na ningemvumilia, maana hata mke wangu amewahi kunifananisha naye siku za hasira. Bata hana mabega! Nilisimama mbele ya kioo cha kabati la mteja nikajitazama ubavuni kwa muda mrefu, nikitafuta kitu cha kuwajibu. Sikukipata. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

3. Nalalamika kwamba huenda ni kisasi.

Nimefikiri sana ni kosa gani nililowatendea, na nadhani nimelijua. Katika vyombo vyenu kulikuwa na rafu ya vitabu iliyopinda. Upande mmoja juu, upande mmoja chini, katikati imenyong'onyea kama mtu aliyelala njaa. Sisi tulidhani imepindia garini. Honi akasema, "Tukiifikisha hivi watasema tumeivunja." Basi tukaigeuza, nikaikalia, wenzangu wakavuta, tukagonga misumari, mpaka ikanyooka kama askari. Tulijivunia. Ndipo yule binti yenu mwenye miwani ya kijani alipoingia, akaiona, akakaa sakafuni. Kumbe ilikuwa imepindishwa kwa makusudi na fundi aliyesomea kupindisha.

Sisi tungejuaje? Katika chumba hicho kulikuwa na taa yenye miguu ya kuku, saa inayokwenda kinyumenyume, na birika ambalo mkono wake upo ndani. Mtu mwenye kazi yetu akiona birika la namna hiyo hulifunga haraka kwenye gazeti kabla hajasingiziwa. Kwa hiyo naomba radhi kwa rafu. Lakini rafu moja haitoshi kumfanya mtu mzima kuwa bata kila Jumamosi.

4. Nalalamika kuhusu kazini.

Tangu katuni hiyo ianze, sina tena kazi ya siri. Watoto hutoka milangoni nikipita na kochi, wananihesabia vipandio. Mteja mmoja alipiga simu ofisini akasema anahama, na anataka aletewe "yule wa bata", la sivyo atatafuta kampuni nyingine. Nilipofika, ukoo wake wote ulikuwa umepanga viti sebuleni. Viti ambavyo mimi ndiye niliyepaswa kuvibeba! Nikawabebea friji huku wanapiga makofi, na bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, hapo kwenye kona hukugonga." Nikarudi nikagonga.

Honi naye amenipa zamu ya mbele katika kila nyumba. Anasema ni matangazo.

5. Nalalamika kwamba nimejaribu kubadili mwendo nikashindwa.

Wenzangu walinishauri, kama hutaki kufanana naye, tembea vingine. Ushauri mzuri. Nikaanza kujifunza chumbani, kati ya kitanda changu na mlango, ambapo nafasi yake haimtoshi hata paka kugeuka. Nilijaribu hatua ndefu, nikagonga goti kwenye jiko. Nilijaribu kutembea ubavu, nikaingia kwenye kamba ya nguo nikatoka na shati la mtu. Mwishowe nikapata mwendo mpya, wa kishujaa, kichwa juu, bila kugongagonga.

Niliuvaa kazini siku iliyofuata. Nikapanda ngazi na kochi, kishujaa. Kipandio cha tatu hakikuwepo nilipodhani kipo. Nikaketi chini ghafla na kochi likaketi juu yangu, tukatelemka pamoja mpaka mlangoni, mimi ndani, kochi nje, kama konokono. Mteja akauliza kama hiyo pia itatoka Jumamosi.

Ndugu Mkuu, nimegundua jambo la kusikitisha: mwendo ule ninaoulalamikia ndio pekee ninaoujua.

6. Hili ndilo la kuvunjika, naomba mlishike kwa mikono miwili.

Nina binti mdogo nyumbani, mbali na hapa. Nilipoondoka alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Likizo iliyopita alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Kila nilipombeba alilia. Mimi nilimzoea yeye kabla yeye hajanizoea mimi, na likizo ikaisha. Tangu hapo mimi kwake ni sauti ndani ya simu, na sauti hiyo haimpi maziwa wala haimsukumi kwenye bembea.

Sasa katuni yenu inafika mpaka kule. Mara ya kwanza ilipoonyeshwa, mama yangu mzazi alisimama akainyooshea runinga kidole, akawaambia majirani wote, "Huyo nimemzaa mimi." Shemeji yangu alianguka kwenye kiti. Mke wangu alinipigia simu, na kwa muda mrefu nilisikia kicheko tu, mpaka nikauliza kama kuna msiba. Aliposhika pumzi akasema, "Baba Fulani, wamekuchora hadi nyuma!"

Basi wakamwambia mtoto kwamba baba yake hutembea hivyo. Mtoto akaelewa kwa njia yake. Kila Jumamosi huketi mbele ya runinga akiwa ameoshwa uso, na bata akipita anasema, "Baba anakwenda kazini." Jirani yetu anafuga bata. Binti yangu huenda pale kwenye wavu kila asubuhi na kuwaamkia shikamoo, mmoja mmoja. Hakuna anayeitikia marahaba. Anarudi analia, kwamba jamaa za baba wana kiburi.

Na juzi, kwa mara ya kwanza, alikubali kuzungumza nami kwa simu. Nilifurahi hata nikaweka chini meza ya mtu. Akasema, "Baba, sema kwaak." Nilikuwa ndani ya lori, kati ya wabebaji, mwanaume mwenye masharubu. Nikatazama huku na huku. Nikasema kwaak. Akacheka. Nikasema tena. Nilisema mara nyingi, Ndugu Mkuu, mpaka salio likakatika, na Honi alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Likizo yangu inakaribia. Atakayeingia mlangoni ni mtu mrefu, amechoka, hana manyoya. Atalia tena. Ataniuliza baba yuko wapi. Nimeshindana na umbali, nimeshindana na ngazi za kila aina, lakini na bata mwenye runinga yake nitashindana vipi?

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu bata huyo aondolewe kabla sijasafiri. Ikiwa haiwezekani, basi abadilishwe awe simba. Ikiwa simba ni mgumu kuchora, apewe mwendo wa mtu mwingine. Honi ana mwendo, na atafurahi. Ikiwa hata hilo ni zito, itangazwe mwanzoni mwa katuni kwamba mimi nina sura, masharubu, na mabega. Na ikiwa mtakataa yote, basi jamani, punguzeni makalio. Fedha zenu sitaki. Nataka mwendo wangu.

Nisalimie wachoraji wote, hata wale waliokaa katikati ya ngazi. Nisalimie binti wa miwani ya kijani. Mwambie kwamba rafu yake naweza kuja kuipinda tena, Jumapili, kwa muda wangu mwenyewe. Msalimie na mama wa mapokezi aliyenipa maji ya kunywa bila kuniuliza mimi ni nani. Taa yenye miguu ya kuku nayo, salamu.

Ni mimi, niliyebaki nyuma ya kabati,
Mbebaji wenu.

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni kwa sababu ya kukosa bahasha, na likizo imeniwahi. Nayaandika haya nikiwa nyumbani.

Nilifika kama nilivyoogopa. Mtoto alijificha nyuma ya bibi yake, akachungulia, akaniamkia shikamoo kwa adabu kama mgeni, kisha akamuuliza mama yake huyu mgeni anaondoka lini. Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Sikujua mikono niiweke wapi. Haikuwa na cha kubeba.

Asubuhi mama yangu akataka kufagia nyuma ya kabati. Nikaliinua, nikaelekea mlangoni, sioni miguu. Nikasikia sahani inaanguka. Kisha kitu kidogo kikapita mbele yangu, kikainama, kikachungulia chini ya kabati kuitazama miguu yangu. Halafu kikauita mtaa mzima uje kumwona baba.

Nilitoka nje nikarudi ndani. Nikatoka, nikarudi. Mama anasema sakafu imeshatakata, liweke chini. Mtoto anasema bado.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza mpaka la mwisho nayaondoa yote. Msifute kitu. Makalio yaacheni yalivyo, na mkiona yanafaa kuongezwa, ongezeni.

Lakini kuna jambo moja ameniuliza nikashindwa kumjibu: huyo bata hubeba makabati ya watu kila Jumamosi, je, kwake ni wapi, na akifika nani humfungulia? Nimemwambia nitawauliza wenyewe. Sijawahi kuwafundisha watu kazi yao, wala sitaanza leo. Ila mkimchorea nyumba, tafadhali, mlango uwe mpana.